Kupanda Meru na marafiki wakati wa kiangazi: maelezo ya fundi cherehani wa Usa River

Kabla ya kuulizana habari za viatu na jaketi, kaeni chini mkubaliane jambo moja: usiku wa kwenda kileleni, mmoja wenu akishindwa, nani anageuka naye? Nimeona marafiki wa miaka mingi wakinuniana mpaka getini kwa sababu swali hilo liliulizwa kwa mara ya kwanza saa tisa usiku, karibu na mita 4,000, watu wanatetemeka na hakuna anayetaka kulijibu. Likijibiwa sebuleni, chai mezani, ni jambo la dakika tano.

Mimi ni fundi cherehani hapa Usa River, karibu na Arusha. Meru uko mbele ya kibanda changu, wingu likiruhusu, na wateja wangu wengi ni wapagazi na waongozaji wanaoleta zipu za mabegi na mahema yaliyochanika. Habari za mlima nilizisikia benchini miaka kabla sijaukanyaga. Siku hizi kikifika kiangazi napanda na kundi langu: muuguzi mmoja, dereva wa Noah, walimu wawili wa msingi na shemeji yangu asiyekubali kuachwa. Naandika kwa ajili ya watu wa namna hiyo, wenye kazi za kila siku na kitambi kidogo, wanaotaka mlima wa kweli bila kwenda mbali.

Na Meru ni mlima wa kweli. Una zaidi ya mita 4,560, na kwa hapa Tanzania unazidiwa na Kilimanjaro peke yake. Watu huuita mazoezi ya Kilimanjaro. Mimi jina hilo silipendi. Ni kweli kilele cha Uhuru kinauzidi kwa zaidi ya mita 1,300, lakini usiku wa Meru una ukingo mwembamba, majivu yanayoporomoka na miamba ya kupita kwa kushika kwa mikono. Anayekuja akijua ni mazoezi huja na viatu vya mazoezi.

Kuchagua tarehe

Huku kwetu kuna vipindi viwili vikavu. Cha kwanza ni Januari na Februari, vuli imekwisha na masika bado. Cha pili kinaanza Juni na kwenda mpaka Oktoba. Wageni wengi huja katika hicho cha pili, ila sisi tunaoishi chini ya mlima tunajua Juni na Julai zilivyo: baridi, ukungu, na msituni unatembea ndani ya wingu tangu asubuhi. Juu mara nyingi kunakuwa kweupe, lakini unafika umelowa. Mimi nachagua Januari au Februari. Kuna joto, usiku wa juu bado ni mkali ila unavumilika, na walimu wangu huomba ruhusa ya siku mbili tu nyingine zikawa wikiendi. Machi mpaka Mei usiniambie kitu. Majivu yakilowa pale juu yanakuwa utelezi, na mawe nayo hayashikiki.

Ukishapata mwezi, tafuta mbalamwezi. Pangeni usiku wa kileleni uangukie mwezi mpevu au siku mbili tatu kabla yake au baada yake. Anga likiwa safi mnaona ukingo wote na hamtegemei tochi peke yake, na mwenye woga wa giza anatulia. Na kama mna Waislamu kundini, angalieni Ramadhani isiangukie hapo. Siku hizi inakuja Februari na Machi, na mlima huu haupandwi kwa swaumu.

Siku ngapi? Nne. Kuna safari za siku tatu, ambazo mkitoka kileleni mnashuka moja kwa moja mpaka getini siku hiyohiyo. Zinaokoa ada ya siku moja na zinakula magoti. Wenye miaka ishirini wanaweza. Shemeji yangu aliwahi kuzipigia debe mpaka muuguzi wetu alipomkumbusha jinsi anavyoshuka ngazi za benki.

Kundi na hela

Wanne mpaka sita wanatosha. Zaidi ya hapo mnakuwa msafara, kila kituo mnasubiriana robo saa na jasho linawakaukia mgongoni. Chagueni watu kwa hulka. Mtu anayekasirika akikosa chakula saa saba mchana huku chini, kule juu atakasirika mara mbili.

Magonjwa yasemwe mapema, na yasemwe kwa mtu mmoja mnayemwamini kama kuna aibu. Presha, pumu, kisukari, mimba, moyo: daktari kwanza. Sikoseli nayo watu huisahau. Mwenye ugonjwa wenyewe hewa nyembamba inaweza kumletea maumivu makali, na hata aliyerithi upande mmoja tu, ambaye hajawahi kuumwa maishani, aongee na daktari kabla hajalipa hata shilingi.

Mazoezi yaanze miezi miwili kabla. Kukimbia uwanjani si vibaya ila hakufundishi kushuka, na Meru unaumiza zaidi kwa kushuka. Sisi tunapanda njia ya Nkoaranga Jumamosi asubuhi, kila mtu na begi lenye chupa za maji, halafu tunashuka bila kupumzika. Mwezi wa mwisho tunakwenda Longido, barabara ya Namanga, mlima wa zaidi ya mita 2,600 unaopandwa na kushukwa siku moja. Longido ndiyo inayonionyesha nani kundini atanyamaza akichoka na nani atasema. Anayenyamaza ndiye wa kuangaliwa usiku ule.

Hela zikusanywe kabla, zote, kwa mtu mmoja mwenye daftari. Ada za hifadhi, vibanda vya kulala, askari, mwongozaji, wapagazi, chakula, gari la kwenda na kurudi, na bakshishi. Bakshishi iingizwe kwenye mchango tangu mwanzo, isisubiri huruma ya siku ya mwisho. Ada hubadilika, kwa hiyo ulizeni hifadhi au kampuni yenye leseni kabla ya kutaja kiasi kwenye kundi la WhatsApp, maana kiasi kikishatajwa hakuna atakayekubali kiongezeke. Raia wa Afrika Mashariki analipa kidogo sana ukilinganisha na mgeni, ila lazima aonyeshe kitambulisho, na getini malipo si ya noti. Mwenzenu akitoka Nairobi au Kampala, mkumbusheni kitambulisho kabla ya kumkumbusha sweta.

Nguo (hapa nitakaa)

Jinzi zibaki nyumbani. Pamba ikilowa jasho haikauki, na saa kumi usiku jasho hilo ndilo linalokutetemesha. Vaa tabaka. Ndani kabisa nguo nyembamba ya kubana isiyo ya pamba, hata jezi ya mpira inafaa. Juu yake sweta la sufu au lile la manyoyamanyoya. Juu yake jaketi nene, na mwisho kabisa jaketi jembamba la kuzuia upepo na mvua. Miguuni hivyohivyo: suruali ya kubana, ya nje, na ya mvua.

Vyote hivyo viko mitumbani. Sokoni Memorial pale Moshi, au Kilombero mjini Arusha ukiwahi asubuhi, unapata jaketi la mlima kwa bei ya vitenge viwili. Kazi ni kulijua zima na bovu, na hapo nisikilize mimi.

Jaketi la upepo: weka mdomo kwenye kitambaa, puliza kwa nguvu, kiganja kikiwa upande wa pili. Ukihisi pumzi yako, na upepo utapita hapohapo. Kisha ligeuze ndani nje. Kwenye mishono ya jaketi zuri la mvua kuna utepe mwembamba uliogandishwa. Ukiwa umebanduka na kujikunja kama ganda la kitunguu, maji yataingia kwa mshono hata kitambaa kikiwa kipya. Utepe huo siwezi kuurudisha kwa cherehani. Kila tundu la sindano ni mlango mwingine wa maji, na fundi atakayekuambia lete nishone, mnyang'anye jaketi lako.

Jaketi nene: lifinye kwenye ngumi, hesabu mpaka kumi, achia. Lenye uhai linajaa tena taratibu. Lililokufa linabaki na alama za vidole, hilo hata liwe na nembo gani limeshafuliwa mpaka limechoka. Papasa mabegani na chini ya kwapa. Mahali ujazo umekimbia unasikia kitambaa kwa kitambaa, na baridi huanzia hapo. Zipu ipandishe na kuishusha mara nyingi mbele ya muuzaji. Ikiachia katikati, punguza bei kwanza, halafu leta kwa fundi.

Na geita, zile soksi za turubai zinazofunika kiatu mchanga usiingie. Juu ya Meru ni majivu ya volkano, na yakiingia kiatuni yanasaga kisigino kama msasa. Za dukani bei yake ni kubwa. Mimi nashona kwa turubai la zamani au begi la shule lililochakaa: kipande cha mstatili kinachozunguka mguu, urefu kutoka kwenye kamba za kiatu mpaka nusu ya muundi, lastiki juu na chini, velkro pembeni ili uvae bila kuvua kiatu, na mbele ndoano ndogo ya waya ya kukamata kamba. Chini unapita mkanda wa ngozi kuzunguka soli. Mkanda huo usiwe wa kitambaa, haumalizi siku. Fundi yeyote wa mtaani kwako atakushonea ukimpa maelezo haya.

Viatu viwe vimeshazoea mguu wako. Viatu vya mlima vya mtumba vina ugonjwa wao: vimekaa stoo miaka, gundi imekufa, vinaonekana vipya mpaka soli nzima ibanduke njiani. Mpelekee fundi viatu azungushie soli kwa uzi mnene hata kama haijaachia. Kata kucha za miguu siku tatu kabla. Usipokata utazipoteza wakati wa kushuka.

Sasa dada zangu. Msuke mistari, ilale chini. Rasta zilizofungwa fundo kubwa kisogoni hazipiti ndani ya kofia, na tochi ya kichwani haikai. Utakuwa unaishika kwa mkono usiku kucha na mkono huo unauhitaji kwenye mwamba. Pedi beba hata kama si siku zako, mlima hubadilisha kalenda, na mfuko wa kufunga zilizotumika urudi nazo chini. Kanga usiiache. Ni pazia la kujisitiri porini, ni ya shingoni upepo ukianza, na mwenzako akianguka vibaya mkono utaufunga nayo.

Vidogo vilivyobaki: tochi ya kichwani na betri za akiba (zilale na wewe ndani ya begi la kulalia, baridi inazimaliza), glavu jozi mbili, miwani ya jua, mafuta ya midomo, fimbo mbili kwa kila mwenye magoti. Chupa za maji usiku wa kileleni zivalishwe soksi na ziwekwe kifuniko kikiwa chini, kwa sababu maji huanza kuganda juu.

Siku mbili za kwanza

Kutoka Arusha mnashika barabara ya Moshi mpaka Usa River, mnakata kushoto kwenda Ngurdoto na kuendelea mpaka geti la Momella, mita 1,500 hivi. Hapo mnapewa askari mwenye bunduki. Mwiteni afande, msalimieni vizuri, na msitoke nyuma yake. Bunduki ni kwa ajili ya nyati na tembo. Huyo si mpagazi wala mpiga picha wenu, ingawa wengi ni watu wa maneno mazuri mkishazoeana.

Kuna njia mbili za kwenda kibanda cha Miriakamba, kwenye mita 2,500. Fupi inapanda moja kwa moja. Ndefu inazunguka msituni na kupita chini ya mtini mkubwa uliofanya tao, gari linaweza kupita katikati yake. Kupanda chukueni ndefu, mwili unapata muda, na fupi muiache ya kurudia. Mbega weusi na weupe wanarukaruka juu, mitarakwa mikubwa, nyuzi za kijivu ziitwazo ndevu za mzee zinaning'inia kwenye matawi. Mkiwa mnaweza kuimba mnapotembea, mwendo ni sawa. Mkiwa mnahema hamwezi kumaliza sentensi, mwambieni afande apunguze. Hatakasirika.

Siku ya pili ni fupi na ni ngazi. Ngazi, ngazi, ngazi. Mnapita Topela Mbogo, kisha Mgongo wa Tembo, na mnafika kibanda cha Saddle, mita 3,570, mapema mchana. Hapo ndipo watu hujitupa kitandani. Usilale. Kula, pumzika saa moja, halafu pandeni Meru Mdogo, mita 3,820, uko hapo pembeni na haumalizi saa moja kuupanda. Unapanda juu, unashuka kulala chini. Mwili unaonjeshwa hewa ya juu kabla ya usiku. Wanaoruka Meru Mdogo kwa uvivu mara nyingi ndio wanaoshika kichwa usiku.

Chakula siku hizi mbili kiwe cha nyumbani. Biskuti na nyama za kopo zinachosha tumbo. Sisi tunakula mtori jioni, viazi vitamu vya kuchemsha mchana, uji wa ulezi wenye karanga za kusaga asubuhi. Hamu ya kula inapungua kadiri unavyopanda, na mtori unapita hata usipotaka. Maji lita tatu kwa siku, yaliyochemshwa au kutiwa dawa. Pombe kali aliyoificha dereva kwenye begi la Noah ibaki kwenye Noah, na vidonge vya usingizi pia. Vyote vinafanya pumzi iwe nzito usiku.

Usiku wa kileleni

Mnaamka saa sita na nusu, mnatoka saa saba au saa nane kasoro. Chai ya tangawizi yenye sukari nyingi na kashata mbili zinatosha. Vaeni kidogo kuliko mnavyotamani mkiwa mlangoni, dakika ishirini za mwanzo zitawapasha, na jaketi nene liwe juu kabisa ya begi.

Mpangilio: afande mbele, nyuma yake yule mwenye mwendo mdogo kuliko wote, na wa mwisho ni mwongozaji au mwenye nguvu zaidi. Hakuna kubadilishana. Ukimweka mwenye mwendo mdogo nyuma, kila mkisimama kumsubiri nyinyi mmepumzika na yeye ndiyo kwanza anafika, halafu mnaondoka. Usiku mzima hapumziki hata mara moja. Akiwa mbele, wote mnatembea kwa mwendo wake na mnapumzika pamoja.

Kila mtu apewe namba. Kila kituo mnahesabu kwa sauti, moja, mbili, tatu. Inasaidia kujua mko wangapi gizani, lakini faida kubwa ni kusikia sauti. Namba nne akijibu kwa kunung'unika, muuguzi wetu anarudi nyuma kumwangalia.

Mpaka Rhino Point njia ni mwinuko mkali lakini ya kawaida. Baada ya hapo mnashuka kidogo, na ndipo miamba. Fimbo zifungwe begini, mikono iwe huru, mtu mmoja mmoja, na hakuna kupiga picha. Sehemu yenyewe si ndefu. Mwenye woga aangalie viatu vya aliye mbele na mahali pa kuweka mkono, tochi isielekezwe bondeni. Kisha unaanza ukingo. Kreta iko kushoto kwako njia nzima, na giza linakusaidia usione kina chake. Majivu yanakurudisha nusu ya kila hatua. Kanyaga alama ya aliyetangulia, weka mguu wote bapa, pumua kwa kila hatua. Cobra Point ni mita 4,350. Hapo wengi hudhani wamefika, wanavunjika moyo wakionyeshwa kilele kingali mbali. Waambie mapema, tangu jana yake, kwamba Cobra si mwisho.

Maumivu ya kichwa madogo ni ya kawaida, panadoli na maji vinatosha. Mengine si ya kubishana nayo. Anayetapika mfululizo, anayeyumba, anayejibu mambo yasiyoeleweka, anayehema hata akiwa ameketi, anayekohoa povu: anashuka, saa hiyohiyo, na aliyekubaliwa sebuleni anashuka naye pamoja na mwongozaji. Muuguzi wetu ana vipimo viwili. Anamtembeza mtu hatua kumi kisigino kikigusa vidole vya mguu wa pili, na anamuuliza bei ya kilo ya sukari dukani kwao. Anayepepesuka au anayefikiria sana bei ya sukari anarudi. Kushuka ndiyo dawa. Zile za kuzuia ugonjwa wa mlima, asetazolamaidi, watu huzitumia, lakini ni za kuandikiwa na daktari, na mwenye mzio wa dawa za salfa amweleze kwanza.

Saa ya kugeuka iwekwe pia. Yetu ni saa mbili asubuhi. Hata kama kibao cha kilele, Socialist Peak, mnakiona, saa mbili ikifika mnageuka, kwa sababu mbele yenu kuna kushuka kwa muda mrefu, wingu linapanda, na miamba ya Rhino inataka miguu yenye nguvu.

Mkifanikiwa kuwa juu jua likichomoza, Kibo, kile kichwa kirefu cha Kilimanjaro, kiko ng'ambo upande wa mashariki, kama kilomita 70. Januari jua hutokea kulia kwake, mbali kidogo. Anayetaka picha ya jua likitoka nyuma ya Kibo aje Julai mwishoni au Agosti mwanzoni, na aje na sweta la ziada. Nusu saa juu inatosha.

Kushuka

Sasa mnaona mlichopita. Upande wote wa mashariki wa mlima ulibomoka zamani sana, na chini ndani ya kreta kuna koni ya majivu, nyeusi, imesimama peke yake. Meru ulionyesha moto wake mara ya mwisho mwaka 1910. Kuna watu huganda hapa kwa kuona kina, watu waliopita vizuri usiku. Mshike mtu mkono, mwelekeze uso kwenye ukuta, mpe muda. Kumcheka kuacheni mpaka mfike Usa River.

Kwenye majivu shukeni kwa kisigino, magoti yamepinda kidogo. Saddle mnakunywa chai na kukusanya mizigo, kisha mnaendelea mpaka Miriakamba kulala. Hapo kila mtu anakuwa rafiki tena.

Siku ya nne ni ile njia fupi. Msizembee kwa kuwa mmeshashinda: uwanda wa karibu na Momella ndio wenye nyati wengi, na twiga wanaowavutia mtoke njiani kupiga picha. Nyuma ya afande, kundi moja. Getini toeni bakshishi mkononi kwa kila mpagazi, mbele ya wote, kwa bahasha yenye jina lake. Akipewa kiongozi agawe, hamtajua nani alipata nini.

Nyumbani, kabla ya kufua chochote, kung'uteni. Majivu yakikutana na maji ndani ya zipu yanakuwa tope, na meno ya zipu yanaliwa. Tumia mswaki mkavu kupiga meno yote, ndani na nje, halafu pitisha mshumaa juu yake mara mbili tatu. Jaketi nene lifuliwe kwa sabuni kidogo ya maji, lisikamuliwe, likaukie kivulini huku ukilipigapiga kila baada ya saa chache ujazo usigande. Kichwa cha zipu kikianza kupita bila kufunga, kibane kidogo kwa koleo pande zote mbili, sawasawa. Kikikataa, leta. Ya begi naimaliza siku hiyohiyo ukiwahi kabla ya saa nne. Ya hema acha na namba ya simu.